Mlinzi Aliyepewa Benchi

Getini, Kiwanda cha Sabuni
Tarehe 17 Februari 1991

Mjukuu wangu Kibiriti,

Salamu nitazileta mwisho, leo zisubiri kwenye foleni. Kwanza habari yenyewe. Barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe. Shangazi yako alitaka kunisomea nikamwambia kaa pembeni, miwani yangu haijafa. Ukurasa wa kwanza nimeusoma Jumatatu, wa pili Jumanne, na pale ulipoandika "Babu, nimechaguliwa timu ya mpira wa kikapu ya shule, na mimi ndiye mlinzi" nilisimama. Nimesimama kweli. Dereva wa lori akadhani namkagua, akaanza kufungua turubai.

Damu yangu hiyo! Hao walimu wana macho. Wamekuona mara moja wakajua huyu mtoto ametoka nyumba ya walinzi. Wenzio wamepewa kucheza, wewe umepewa kulinda. Kucheza kila mtu anaweza, hata mbuzi anacheza. Lakini kukabidhiwa mali ya timu, mipira, jezi, ndoo za maji, hapo mtu anapimwa kwanza. Nimekwenda kwa kinyozi kumwambia, na wateja wake wote wamesikia, mmoja ana povu usoni.

Sasa nisikilize mimi niliyeanza kazi hii baba yako hajazaliwa. Usiegemee ukuta, ukuta unaleta usingizi. Mtu akija anacheka-cheka sana, huyo mkague mara mbili. Na usiku usikubali. Mwambie mwalimu mkuu babu yangu amekataa, mimi ni mwanafunzi, zamu yangu inaisha jua likizama. Koti wamekupa? Filimbi? Kama hawajakupa filimbi niandikie, nina ya akiba, inasikika mpaka mtaa wa pili.

Huku kumekuwa kimya. Ule ukuta wa stoo uliokuwa ukiupiga mpira kutwa nzima hauna kazi. Nilikuwa nakufokea, unakumbuka. Sasa nikikaa hapa mchana nasikia du, du, du, nageuka haraka kufoka, kumbe ni mlango wa chumba cha boila.

Salamu ndiyo hizi sasa. Za shangazi yako, za kinyozi, na za kwangu ndizo nyingi. Kama nukta zangu ziko mbalimbali usishangae, naziweka pale pumzi inapokatika, na mimi pumzi ninayo.

Babu yako,
Mlinzi Mkuu


Bweni la Wasichana
Tarehe 3 Machi 1991

Babu, shikamoo.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akashuka kuuliza kama naumwa. Mlinzi Mkuu wa nani, Babu? Si uko peke yako hapo getini?

Silindi jezi. Nacheza. Timu ikiingia uwanjani kuna warefu, wao wanakaa karibu na kikapu, na kuna sisi wafupi, ndio tunaitwa walinzi. Mlinzi anautoa mpira nyuma, anaudunda mpaka mbele, anatazama nani yuko wazi, anampa. Akiona nafasi anafunga mwenyewe. Wapinzani wakija anamkaba mtu wake asipite. Basi. Jina la kazi yetu ni moja, kazi zenyewe hazijuani.

Kocha aliniuliza nilijifunza wapi kukata kona na mpira mkononi bila kuutazama. Nikamwambia kwenye ua wa kiwanda cha sabuni, katikati ya mapipa ya mafuta, nikimkimbia babu yangu mwenye rungu. Hakuamini. Akasema wachezaji wa siku hizi wanapenda sana hadithi.

Hapa chakula si kibaya, masomo si mepesi, na hesabu zinanichukia. Blanketi langu bado lina harufu ya sabuni ya mche. Wenzangu wanafua mablanketi yao kila mwisho wa mwezi, mimi langu sijalifua. Nikilifua, harufu ya nyumbani itatoka.

Msalimie shangazi. Na mwambie kinyozi ukweli, tafadhali, kabla habari haijafika mbali.

Mjukuu wako,
Kibiriti


Getini
Tarehe 24 Machi 1991

Mjukuu wangu Kibiriti,

Barua yako nimeielewa kuliko wewe uliyeiandika.

Umesema mlinzi anamkaba mtu asipite. Hapo sawa, hiyo ndiyo kazi. Hayo mengine ya kutoka nyuma kwenda kwenye kikapu cha watu ni tamaa tu. Mimi niache geti langu niende geti la kiwanda cha jirani kufanya nini? Kaa kwako. Waache hao warefu waende huko, wao wamepewa miguu ya kutembeatembea. Mlinzi ni mlinzi, hata akivaa kaptula.

Kinyozi sijamwambia kitu. Alichosikia kinamtosha.

Na huyo kocha akitaka kujua nani amekufundisha aje aniulize, mimi hapa sifichiki, nina koti la kijani. Ulidhani nilikuwa nakufukuza kwa hasira? Nilikuwa nakufundisha. Isipokuwa ile siku uliyoangusha pipa, ile ilikuwa hasira. Lakini zile siku nyingine naziona kama jana. Unatoka nyuma ya stoo mbio, mdogo kama kijiti cha kibiriti, ndiyo maana nikakuita hivyo, kijiti chenyewe kidogo lakini kikiwaka kila mtu anarudi nyuma. Unaniangalia kulia. Mimi naenda kulia. Wewe umeshapita kushoto, na ule mpira wako uliopungua upepo unakufuata kama kuku anayefuata mahindi. Wanaume wazima wenye ndevu nimewakamata kwenye ua huu. Wewe sikukukamata hata siku moja. Madereva walikuwa wanazima injini ili watazame, na wengine walikuwa wanakushangilia wewe, wasio na adabu, mimi ndiye ninayewafungulia geti.

Meneja alichungulia dirishani siku moja akauliza kuna nini. Nikamwambia nafukuza paka.

Blanketi lifue. Sabuni nitakutumia mimi. Nitaipata wapi usiulize, unajua nafanya kazi wapi.

Babu yako,
Mlinzi Mkuu (na ukuu wangu usiuchunguze)


Bweni la Wasichana
Tarehe 12 Oktoba 1993

Babu, shikamoo.

Shauri lako limetaka kuniponza, na mwaka wenyewe ndio wa mwisho.

Tulikuwa na fainali ya shule za sekondari. Ukumbi umejaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Nikaingiwa na hofu, na mtu akiogopa anakumbuka mambo ya ajabu. Mimi nikakumbuka "kaa kwako." Babu, nikakaa. Kipindi cha kwanza chote niko chini ya kikapu chetu, nimetanua mikono, wenzangu wanashambulia bila mimi. Kocha anapiga kelele, "Kibiriti, umeota mizizi?" Mwishowe akaniita pembeni.

"Nani kakwambia ubaki nyuma?"

"Babu yangu."

"Babu yako anachezea timu gani?"

"Ya sabuni."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Kocha alinitazama, halafu akageuka upande wa pili, mabega yanamtikisika. Akasema, "Haya, mwambie babu amekaa vya kutosha. Sasa nenda kwenye kikapu chao."

Nikaenda. Mbele yangu walikuwa wawili warefu kuliko mlango. Nikawaona kama yale mapipa. Nilipita katikati yao, na nilipopita mara ya kwanza sikusimama tena mpaka filimbi ya mwisho. Tumechukua kombe.

Baada ya mechi kulikuwa na mtu ananisubiri mlangoni pamoja na kocha. Ametoka timu ya wanawake ya ligi ya kulipwa. Anasema nikimaliza mtihani nafasi yangu ipo, nitakaa kwenye hosteli yao, kazi yangu itakuwa kucheza. Kazi, Babu. Nimemwambia lazima nikuulize wewe kwanza. Mji wenyewe uko mbali, hata ukipanda basi alfajiri unafika jua limezama. Likizo ni chache. Niseme nini?

Mjukuu wako,
Kibiriti


Getini
Tarehe 31 Oktoba 1993

Mjukuu wangu Kibiriti,

Sema ndiyo. Ulikuwa unauliza nini?

Hiyo fainali mmeshinda kwa sababu kipindi cha kwanza ulilinda. Wale warefu walichoka kukutazama umetanua mikono. Kocha wako hajui kwamba hajui, lakini mpe salamu.

Sasa kuna neno nilikuwa nimelihifadhi, na leo nalitoa kwa sababu halina kazi tena. Meneja ameniambia magoti yangu yanalia kuliko bawaba za geti, nitafute mtu wa ukoo nimwachie lindo. Nikamwambia yupo, ila bado yuko shuleni. Nilikuwa nimekuwekea wewe. Hata koti nilishawaza pa kulikata mikono. Nilikuwa nakuona kichwani, wewe umekaa getini, mimi nimekuletea chai, tunawasema madereva.

Basi. Nenda kwanza huko kwa wanaocheza kazini. Meneja nimemwambia asubiri, geti halina miguu.

Shangazi yako analia jikoni anasema ni moshi. Tunapikia mafuta ya taa.

Babu yako,
Mlinzi Mkuu


Hosteli ya Timu
Tarehe 20 Machi 1994

Babu, shikamoo.

Nimefika salama na nimeshazoea kidogo. Ukumbi wa hapa una sakafu ya mbao inayong'aa mpaka unaziona raba zako kwa chini. Mpira ukidunda unajibu, siyo kama ule wetu wa uani. Kila mtu ana kabati lake la chuma. Jezi yangu ina maandishi mgongoni, waliniuliza waandike nini nikawaambia Kibiriti.

Chumbani tuko wawili. Mwenzangu ni mrefu sana, miguu yake inatoka kitandani, usiku nikiamka nadhani kuna mtu wa tatu.

Mlinzi wa siku zote wa timu ni dada mmoja tunamwita Nahodha. Amecheza hapa tangu mimi niko shule ya msingi. Mimi bado mgeni. Kwa sasa nafasi yangu ni benchi.

Nakumbuka sana nyumbani, hasa saa ya ving'ora vya kutoka kazini, ulipokuwa unanipa funguo nizibebe. Msalimie shangazi.

Mjukuu wako,
Kibiriti


Getini
Tarehe 10 Aprili 1994

Mjukuu wangu Kibiriti,

Benchi! Umefika juzi tu, benchi!

Wewe hujui ulichopewa. Mimi nilianza kazi hii nimekaa juu ya tofali. Tofali likapasuka nikapewa kreti ya soda. Kreti ikavunjika nikapewa debe, nalo kila nikisimama linalia bweng, wezi wote wanajua mzee amesimama. Mvi zilishaingia ndipo kiwanda kikanipa benchi, la mbao, lenye mgongo, na siku hiyo hata karani wa ofisini alishuka kuja kunipa mkono. Wewe umetoka shuleni moja kwa moja wamekutandikia. Na tena lako la ndani, chini ya paa, mvua hulijui!

Nimekwenda kwa kinyozi nikatangaza. Nikasema mjukuu wangu huko timu ya kulipwa ameshapewa benchi. Kinyozi akacheka. Wale vijana wanaosoma magazeti ya michezo pale nao wakacheka. Nikamwuliza unacheka nini wewe. Akasema, "Mzee wangu, benchi?" Nikamwambia ndiyo, benchi, na wewe unafanya kazi umesimama tangu ujana wako, nani amekukumbuka kwa benchi? Nimetoka hapo kichwa nusu, upande mmoja amenyoa, upande mmoja bado. Shangazi yako ananifuata na mkasi nyumba nzima, nimekataa. Nitanyolewa wakija kuniomba radhi.

Huyo Nahodha vipi, na yeye amepewa au bado anasimama? Kama anasimama usiringe. Mwachie akae kidogo, ni dada yako.

Babu yako,
Mlinzi Mkuu


Hosteli ya Timu
Tarehe 2 Februari 1995

Babu, shikamoo.

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Kila nikishika kalamu naikumbuka ile barua yako ya benchi, naiweka kalamu chini.

Babu, Nahodha hakai kwa sababu anacheza. Benchi siyo kama lako. Hapa benchi wanakaa wasiohitajika, wanasubiri aliye uwanjani achoke au aumie. Nimekaa tangu nilipofika, na msimu huu wa pili unakaribia kuisha. Jezi yangu haijui jasho, naifua kwa ajili ya vumbi la kabati. Kinyozi alicheka kwa sababu alijua. Nilipaswa kukwambia siku ile ile, lakini barua yako niliisoma kwenye basi la timu, nikawa nacheka huku machozi yanatoka, wenzangu wakalazimisha niwasomee. Nikawasomea. Wamekupenda, mpaka leo wanauliza kama umenyolewa. Ningewezaje baada ya hapo kukuandikia kwamba umekosea?

Nilidhani mambo yatageuka kabla hujajua. Hayajageuka. Kocha amesema uongozi utakaa mwisho wa msimu kuamua nani anabaki nani anaondoka. Mimi sihitaji kungoja kuambiwa.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Ulisema meneja anasubiri mtu wa ukoo. Mwambie nakuja. Sitanii, Babu. Malori nayajua, madereva nawajua, wewe magoti yako yapumzike. Tutakaa pamoja kama ulivyotaka, utaniletea chai. Nimechoka kuitwa mlinzi na sina lindo. Nikipata neno lako tu naondoka, hata msimu usipoisha. Sanduku nimeshalifunga nusu.

Mjukuu wako,
Kibiriti


Nyumbani
Tarehe 19 Februari 1995

Mjukuu wangu Kibiriti,

Kazi haipo. Imepata mtu.

Ni kijana mmoja mpana wa kifua, ana mbwa. Meneja amempenda, na mbwa amependwa zaidi. Mimi nimestaafu, nakaa nyumbani nimenyoosha miguu, nalala mpaka jua linaingia dirishani kuuliza kama nipo. Kwa hiyo ukija utakuja kukaa tutazamane, na sura yangu unaijua, haijaongezeka kitu.

Habari ya benchi nilikuwa najua. Usidhani umeniambia jipya. Nilijua tangu kwa kinyozi, nilitaka tu kuona kama utasema mwenyewe. Mimi sidanganyiki kirahisi.

Lakini na wewe umeniudhi. Unasema wanakaa wasiohitajika. Mimi nimekaa hapo getini umri wangu wote, nilikuwa sihitajiki? Kukaa kuna namna mbili. Kuna anayekaa amenuna, huyo ni mzigo, hata benchi linamchukia. Na kuna anayekaa anatazama, huyo yuko kazini. Mimi nilikuwa najua dereva gani amegombana na mkewe kwa honi tu, kabla sijamwona uso. Wewe huyo Nahodha umemkalia pembeni misimu miwili. Akichoka anafanyaje? Anashika kiuno? Anaanza kuburuta mguu upi? Kama hujui, basi hata benchi lenyewe hujalikalia bado, na kama hujalikalia utalikimbiaje?

Fungua hilo sanduku. Nguo zikikaa muda mrefu sandukuni zinapata alama za mikunjo.

Karatasi imelowa kidogo pembeni, unisamehe, mvua ya asubuhi imenikuta getini. Nimefuta hapo. Imenikuta njiani nikienda kumsalimia yule kijana.

Nimenyolewa. Si kwamba nimewasamehe, kulikuwa na joto.

Babu yako,
Mstaafu


Hosteli ya Timu
Tarehe 8 Novemba 1995

Babu, shikamoo nyingi.

Niliisoma barua yako nikakasirika, nikakasirika siku kadhaa. Nikasema huyu mzee ananifundisha kukaa. Halafu kwenye mechi iliyofuata nikajikuta namtazama Nahodha. Kweli akichoka anashika jezi yake pale kiunoni, anaivuta, halafu anaanza kuegemea mguu wa kushoto. Kocha anatazama mpira, haoni. Mimi nikawa namwona kila mechi.

Mechi ya mwisho wa msimu akaivuta jezi. Nikavua koti la mazoezi nikasimama, bila kuitwa. Kocha akanigeukia, "Wewe nani kakuita?" Kabla sijajibu Nahodha alishatua vibaya, kifundo cha mguu kimepinda, yuko chini. Kocha akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Haya, nenda." Nikaenda. Siku ile nilicheza mpaka nikasahau nimevaa nini. Tulishindwa kwa kikapu kimoja, lakini uongozi ulipokaa, jina langu lilibaki. Msimu huu naanza mimi. Nahodha amepona, tunapeana zamu, yeye ndiye anayenifokea kuliko kocha, na nikitoka nje ananishikia taulo. Wiki iliyopita wamenipa mkataba mpya.

Sasa nije kwenye lililonikalisha niandike.

Shangazi alipokuja kunitazama nilimwuliza habari za yule kijana. Akasema, "Kijana gani?" Nikamwuliza habari za mbwa. Akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Babu, hakuna kijana. Hakuna mbwa. Meneja alisubiri mpaka msimu wetu ulipoisha, kila akipita getini anakuuliza, "Mjukuu anakuja?" na wewe mwishowe ukamwambia haji, ana kazi yake. Hujastaafu. Unaamka giza bado halijatoka, unafungua geti, unafunga geti, na jioni shangazi anakukanda magoti kwa maji ya moto.

Ulikuwa unanitaka pale. Uliniwekea nafasi miaka yote ile. Nikakwambia nakuja, ukaniambia imechukuliwa. Kwa nini ulinidanganya?

Nimepata pangu sasa, nje ya hosteli, nahamia wiki ijayo. Ni vyumba viwili, kimoja nimekuwekea kitanda. Dirisha lake linatazama barabara, utaona magari yote. Njoo, Babu. Niambie tu siku, nitakuja mwenyewe kukuchukua.

Mjukuu wako,
Kibiriti


Nyumbani kabisa
Tarehe 26 Novemba 1995

Mjukuu wangu Kibiriti,

Shangazi yako tangu mdogo anapenda kukoroga maneno. Kijana yupo. Mbwa ndiye hayupo, alikuwepo akaondoka, mbwa ana hiari yake.

Kuja huko siji. Kwa chumba nimeshukuru, kwa kitanda nimeshukuru, lakini barabara ya watu wengine nitaitazama kwa sababu gani? Simjui dereva hata mmoja.

Umeuliza kwa nini nilikudanganya. Sikukudanganya. Lakini tuseme, nasema tuseme tu, kwamba kazi ilikuwepo. Ungekuja. Ningekupokea stendi, ningekuvalisha koti, watu wangesema haya tazama babu na mjukuu, na mimi ningejisifu mpaka watu wakimbie. Hiyo ingekuwa wiki ya kwanza. Halafu ingekuja nyingine. Ningekuona umekaa pale, filimbi shingoni. Lori likiingia unasimama, lori likitoka unakaa. Miguu yako ile, kazi yake iwe kusimama na kukaa. Na wewe usingesema kitu, nakujua, ungenitengenezea uso mzuri kila asubuhi, na mimi ningekunywa chai yangu nikitazama pembeni. Ile barabara ya getini mimi nimeitazama, naijua yote mpaka inapokata kona. Haina kitu chako.

Kukutaka hapa nilikutaka, sikufichi. Nyumba hii tangu uondoke ina mlio wa sufuria moja. Jioni nikitoka, nikitoka matembezini nasema, nasikiliza kwanza mlangoni kabla ya kuingia, sijui nasikiliza nini. Lakini kutaka huko ni kwangu, nimekubeba wewe mgongoni ukiwa na homa, sitashindwa kubeba hicho.

Kinyozi amekata picha yako kwenye gazeti ameibandika katikati ya kioo. Umeruka, mpira uko juu, umekunja uso kama unadaiwa. Sasa wateja hawajioni vizuri, wanatoka na masharubu yamepinda, na yeye anawaambia ukitaka kujiona kajitazame kwenu. Mwandishi ameandika chini yake "mlinzi chipukizi." Chipukizi! Nimemwambia kinyozi afute hilo neno kwa kalamu, kwetu sisi hakuna mlinzi chipukizi, na amefuta.

Cheza. Huyo Nahodha akikufokea msikilize, na siku akivuta jezi mpelekee maji kabla hajaomba. Na uwe unakwenda kwenye kikapu cha watu, nimekuruhusu, nimefikiria sana jambo hilo na naona nilikuwa nasema hivyo tangu mwanzo.

Nilitaka kuandika ukurasa mwingine lakini naishia hapa. Kuna lori linapiga honi, na yule kijana sijui ameenda wapi.

Babu yako,
Mstaafu